Boti ya Kunienea

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimerudisha funguo za kivuko. Karani wa ofisi kanipa saa ya ukutani, na mkono wa kuniaga uliolegea kama samaki wa juzi. Miaka yote ile nimeshika usukani, nawavusha watu mto huu asubuhi na jioni — wamelala, wamegombana, mmoja alijifungua kabla hatujafika ng'ambo — halafu saa ya ukutani. Ukuta wenyewe sina. Nyumba ni ya kazi, natakiwa niwe nimeondoka mwisho wa mwezi.

Mdogo wangu kapiga simu kabla sijavua viatu. Chumba kipo, kitanda kipo, njoo. Nakijua hicho chumba. Kipo nyuma ya jiko, kina kitanda alicholalia mwanawe enzi za shule. Nikilala chali, mkono mmoja unabaki nje. Nikigeuka, tunageuka wote wawili, mimi na kitanda.

Nimemwambia nanunua boti. Nitaishi humo, nitatembea mto mzima mpaka kwenye maziwa, nikichoka nafunga kamba nalala.

Akauliza: "Na nani?"

Na mimi.

"Dada, kwa mwili huo?"

Kwa mwili gani mwingine? Ninao huu tu.

Jumatano, 5 Machi

Dalali wa boti kaniletea vitabu vya picha. Upuuzi mtupu, tena wa karatasi ya kung'aa. Kila boti ina mwanamume na mwanamke wembamba kama mishumaa, wameshika glasi, wanacheka. Wanacheka nini? Hakuna aliyeshika usukani. Boti inaenda yenyewe na wao wameipa mgongo. Kwenye kivuko changu ningewashusha.

"Inalaza watu sita," wameandika. Nimekitafuta hicho kitanda cha sita. Ni rafu. Kwangu ningepanga sufuria.

Ninachotaka si kikubwa. Mlango nipite nikitazama mbele, si ubavu-ubavu kama kaa. Kitanda nishukie upande ninaotaka bila kutambaa. Choo nikikaa magoti yasipige hodi ukutani. Injini niifikie mwenyewe, maana nitakuwa peke yangu na sitaki kuita fundi kila ikikohoa. Na njia kando ya sitaha ya kutembea na kamba mkononi. Basi. Kivuko kilikuwa na hayo yote, na kilijengwa na watu wasionijua.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kwanza ya kutazama boti. Shemeji sikumwalika lakini alikuja, kavaa kofia ya nahodha. Mtu huyu anauza vioo vya madirisha. Siku chache alizopanda kivuko changu alikuwa akishika reli kwa mikono miwili na kufumba macho.

Dalali — nitamwita Manukato, maana harufu yake ilitufikia kabla yake — alimpa mkono shemeji, akamweleza injini shemeji, akamuuliza shemeji safari zake atapenda ziwe ndefu au fupi. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, na mimi si mtu wa kukosekana machoni. Shemeji anaitikia kwa kichwa. Akagonga ubavu wa boti kwa vidole kama anachagua tikiti maji.

"Imara hii," akasema.

Nikamuuliza Manukato tangi la maji linasafishwaje. Akamjibu shemeji.

Boti ya kwanza ilikuwa nyeupe, ina pua kama kiatu cha bwana harusi. Nilipokanyaga ukingo ikainama upande wangu na Manukato akakumbatia nguzo. Akacheka kidogo, akasema boti hii ni nyepesi, ina hisia. Sitaki boti yenye hisia. Za kwangu zinanitosha.

Ya pili, njia ya kando ya sitaha ina upana wa unyayo. Mguu mmoja unapita, mwingine unasubiri zamu. Nikasema hapana bila kuingia ndani. Hapo ndipo Manukato akanivuta pembeni, sauti ya chini, ya huruma. Wateja wengi, mama, huanza kwanza na mazoezi kidogo, kisha boti huwa zinatosha zenyewe.

Nilimtazama mpaka akahamishia macho kwenye viatu vyake. Mtu akienda kununua shati, muuzaji humpunguza kifua?

Njiani shemeji akasema yule kijana anajua kazi yake.

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka. Nimefungasha vyombo. Mdogo wangu alipita na chakula, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa. Yeye ni mwembamba tangu utotoni, na amepungua tena. Watu wanamsifu. Kwake kupungua ni sifa, kwangu kuongezeka ni kesi.

Akauliza kama naogopa kukaa peke yangu majini. Nikamwambia nimeogopa mambo mengi nchi kavu. Akatabasamu, akaangalia saa, akaondoka mbio. Shemeji anataka chakula kikiwa moto.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa na hasira, mwandiko uvumilie.

Boti ya tatu ya Manukato. Akasema hii ndiyo yangu, sebule pana. Kweli ni pana — upana huo wameuiba chooni. Shemeji alikuwepo, na ile kofia. Nikaingia chooni kujaribu. Nikafunga mlango, nikakaa kuona kama magoti yanaenea. Yakaenea, kwa kubanana. Sasa kutoka. Mlango unafungukia ndani, na ndani nipo mimi. Nafasi ambayo mlango ulitaka kuzungukia ilikuwa imeshajaa. Nikajaribu kupanda juu ya choo nijikunyate. Kifuniko kikatoa sauti ya kukata tamaa. Nikashuka.

Nikasema kwa utulivu, mlango haufunguki.

Manukato akausukuma kutoka nje. Ukanipiga goti. "Mama, sogea kidogo."

Nisogee wapi, mtoni? Akasukuma tena. Nikamwambia akirudia nitatoka kwa kupitia kwake.

Nikamsikia anaita watu. Hatua kwenye gati, za mmoja, za wawili, za wengi. Wanaulizana kuna nini. Sauti ya shemeji ikajibu — naijua sauti yake akiwa na hadithi mdomoni — "Shemeji yangu amekwama chooni." Kicheko. Mmoja akashauri sabuni. Mwingine akasema ukuta ukatwe. Manukato akasema ukuta haukatwi, boti ni mpya.

Juu ya choo kuna kidirisha cha hewa. Nikatoa mkono nje. Nikasema nipeni bisibisi. Mtu nisiyemwona akaniwekea bisibisi kiganjani. Bawaba zilikuwa upande wangu. Nikafungua skrubu moja baada ya nyingine, sikuharakisha, jasho linaingia machoni. Hapo ndipo nilipotaka kulia, na nikaamua kwamba silii ndani ya choo kibaya namna hii.

Nikatoka na mlango mikononi. Nikampa Manukato. "Mlango wako. Uutundike ufungukie nje, kama wanavyofanya watu wenye akili."

Nikapita katikati yao. Waliniachia njia pana. Kumbe kuacha njia wanajua, wakitaka.

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Shemeji kasimulia mezani jana mbele ya wageni. Kaigiza mpaka sauti yangu, kaifanya nzito kama ya fahali.

"Na wewe ulicheka?"

"Nilicheka, dada."

Angalau hadanganyi. Nikamwambia haya, kwaheri. Hakukata. Akasema kile kitanda kakinunulia godoro jipya. Nikakata mimi.

Nimekaa juu ya sanduku la vyombo. Nilikuwa nawaza nikienda kwake nitasimuliwa mezani kila wageni wakija. Mpaka nife. Kisha watasimulia jeneza lilivyopitishwa mlangoni.

Jumanne, 18 Machi

Muuza mafuta wa gatini alinisimamisha. Nilidhani anataka habari za choo, maana mji mzima unazitaka. Kumbe hapana. Kuna boti nyuma ya ghala la chuma, akasema, haina dalali. Mwenyewe ni mjane, na maneno mazuri hana. Nikamwambia ndiyo nafuu, maneno mazuri nimeshiba.

Boti ni mbaya. Hilo liandikwe kwanza. Fupi, pana, rangi ya maji yaliyooshea vyombo, imekaa majini kama kabati lililoangushwa. Nikaipenda palepale, nikajikasirikia kwa kuipenda.

Mjane alikuwa amekaa sitahani anakunywa chai. Mwanamke mdogo, mkavu, nywele nyeupe zimekatwa fupi. "Wewe ni wa ngapi kuja kuchungulia," akasema, na hakuwa anauliza. Nikakanyaga ukingo bila kuomba radhi. Chai yake haikutikisika kikombeni. Tuliitazama hiyo chai, wote wawili.

Ndani. Nilipita mlango nikitazama mbele. Nikarudi, nikapita tena. Ngazi ya kushukia ina vikanyagio vinavyopokea unyayo mzima, na reli kila upande. Nikaning'inia kwenye reli kwa uzito wangu wote. Haikulia. Kitanda kiko katikati, njia pande zote. Chooni nimekaa, nimesimama, nimegeuka kama niko ngomani, na mlango wake unateleza kuingia ukutani. Kifuniko cha injini kinafunguka kama mlango wa ghala. Nikashuka, nikasimama ubavuni mwa injini bila kujikunja. Nikachomoa kijiti cha mafuta. Safi. Mtu aliipenda injini hii.

Mjane ananifuata nyuma, anazima kila taa ninayowasha.

Nikamuuliza nani kaijenga. Mume wake, marehemu. Alikuwa fundi wa majeneza, mtu mnene, "mnene kukushinda wewe." Alikuwa akisema watu hudanganya upana wao maisha yao yote, kwake tu ndiko ukweli hufika. Alipoacha kazi akajijengea kitu cha kumwenea angali hai.

Fundi wa majeneza. Mtu mmoja kaufikiria mwili kama wangu kwa heshima, na ikabidi awe huyo.

Nikasema nainunua.

"Utakaa na nani humu?"

Peke yangu.

Akazima taa ya mwisho. "Basi siuzi."

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi. Njia nzima nilikuwa nanoa maneno. Nilimwambia yote. Kwamba yeye ni walewale, kwamba mwanamke akiwa mnene na hana mume basi kila mtu anajiona ni mlinzi wake, kwamba mimi nimeendesha chombo kikubwa kuliko hicho chake kwenye mafuriko, na abiria hawakujua kama kulikuwa na mafuriko. Alisikiliza mpaka mwisho, anamenya viazi. Alipomaliza kimoja akasema nikae.

Mume wake alianguka majini hapahapa, boti ikiwa imefungwa gatini. Asubuhi kweupe, anafuta vioo. Kuogelea alijua. Akaishika ngazi ya nyuma. Ngazi yenyewe inaishia usawa wa maji, mguu hauna pa kukanyaga. Akajivuta, akashindwa, akajivuta. Hakuna aliyekuwa karibu. Yeye mjane alikuwa kaenda sokoni. Aliporudi alimkuta bado ameshika, mkono umepita katikati ya vipago vya ngazi, ndio uliomzuia asizame. Moyo ulikuwa umesimama zamani.

"Humu kila kitu alikijenga mwenyewe," akasema. "Ngazi ndiyo aliyoinunua dukani."

Nikaanza kuokota maganda ya viazi sakafuni.

Kisha akaweka kisu chini. Sharti lake: nirukie majini, nipande mwenyewe, bila mkono wa mtu. Akiniona nimesimama sitahani, anauza. Asiponiona, niende nikatafute nyumba yenye ngazi za saruji.

Nilitaka kumwita mwendawazimu. Lakini katika wote waliojitia kunihurumia mwezi huu, ni yeye tu aliyeuliza jambo linaloweza kuniua. Wengine walikuwa wanaona haya kwa niaba yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeshindwa.

Niliingia na suruali ya kazi na shati zito, kwa sababu mtu haanguki majini amevalia kuogelea. Maji baridi, yana harufu ya dizeli. Kuelea hakunisumbui, naelea kuliko boti zote za Manukato. Ngazi ndiyo. Kipago cha mwisho kinalamba maji tu. Mikono inavuta, miguu inakimbilia chini ya boti, mwili unabaki katikati kama mzigo ambao kila mpokeaji kaukana. Nikafikisha kifua kwenye kipago. Nikarudi. Nikafikisha tena. Viwiko vimechubuka.

Kuna jambo sikulitegemea. Niliogopa. Si kufa. Niliogopa kwamba wote wale walisema kweli.

Mjane alikuwa gatini, kiganja mdomoni. Mwishowe nikaogelea mpaka kwenye mteremko wa kushushia boti, nikatoka kwa magoti, tope mpaka kifuani. Akaja na blanketi. Nikamwambia asinishike. Akaniwekea mabegani hata hivyo.

"Umeona," akasema.

"Nimeona ngazi mbovu," nikamjibu, meno yakigongana.

Hakubisha. Alikuwa anaitazama ile ngazi kama mtu anayemtazama shahidi wa uongo.

Jumapili, 23 Machi

Mwili mzima unauma. Siwezi kuinua mkono kuchana nywele, basi hazichanwi.

Shemeji katuma ujumbe: Nahodha, boti imefikia wapi? Na vinyago vya kucheka nyuma yake. Sijajibu. Nyani haoni kundule. Kofia ile imembana, inamwachia mstari kwenye paji la uso siku nzima, na hakuna anayemsimulia mezani.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea. Kazi yake ni mageti na nondo za madirisha. Nikampa mchoro. Ngazi pana kama ya nyumba, vikanyagio bapa, si vyuma vya mviringo vinavyokata unyayo. Ishuke chini ya maji mpaka nikiwa naelea mguu uikute bila kuitafuta. Ilale kidogo, isisimame wima. Reli mbili za kushikia, zipande mpaka juu ya sitaha, maana tatizo si kuanza kupanda, tatizo ni pale juu ambapo kila ngazi hukuacha ghafla na kukuambia sasa jitegemee.

Akaugeuza mchoro juu chini. Akauliza, ni ya kupandishia ng'ombe?

Nikamwambia ndiyo, na ng'ombe mwenyewe ndiye anayelipa.

Akauweka mchoro sawa, akaacha utani. Baadaye akawa ananiuliza maswali ya maana kuhusu kutu. Watu wana akili, wanazihifadhi tu kama vyombo vya wageni.

Mjane nilimwomba ruhusa ya kutoboa nyuma ya boti yake. "Toboa," akasema. "Ukishindwa utaziba mwenyewe."

Alhamisi, 27 Machi

Ngazi imefungwa. Fundi akaikanyaga, akairukia, akaniambia hii itabaki sisi tukiwa tumeoza. Nzito, mbaya kama boti yenyewe. Wamefanana.

Nilikuwa bado nakaza nati nikasikia viatu vya kike gatini. Mdogo wangu. Peke yake, mchana wa siku ya kazi. Hajawahi kutoka saa hizi bila kuaga kwa siku mbili kabla.

Nilijiandaa kwa mahubiri. Hakuhubiri. Alishuka ndani, akashika reli, akapita vyumba vyote akigusa vitu kwa ncha za vidole. Akakaa kitandani katikati. Mtu mwembamba kwenye kitanda kile anaonekana kama kitu kilichosahauliwa.

"Pazuri," akasema. Kisha, akiwa anaangalia mikono yake: "Dada, siku ile nilicheka kwa sababu usipocheka naye, kicheko anakihamishia kwako."

Nikakaa kando yake. Kitanda hakikulalamika.

Akasema chumba cha nyuma ya jiko hakukiandaa kwa huruma. Alitaka kuwe na mtu wa kuongea naye nyumba ile. Mwanawe kaenda zake, na mezani yule bwana husimulia, na wageni huondoka, na baada ya hapo ni sauti ya vijiko tu. Alitamani awe anasikia kikohozi changu ukutani.

Neno la dharau nilikuwa nalo tayari — la shemeji, zuri sana, nimelitunza tangu siku ya kofia. Halikutoka. Nikamwonesha injini badala yake. Aliuliza hicho kijiti ni cha nini. Nikamfundisha kusoma mafuta. Alikisoma, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena kujihakikishia.

Mjane alipita dirishani, akaona tuko wawili. Akaenda zake bila kuzima taa.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mjane hataki tujaribu kwenye mvua. Nikamwambia watu huanguka siku za mvua zaidi. Akasema wanaanguka kwa ujinga wao, si kwa mtihani wake. Mwanamke mkaidi kama gari bovu. Nimefika mahali ambapo siku nisiyogombana naye naiona haijakamilika.

Nyumba imebaki mwangwi. Ile saa ya ukutani nimempa muuza mafuta, anazo kuta.

Jumapili, 30 Machi

Karatasi inalowana. Nimekaa nyuma ya boti, maji yananichuruzika, naandika kwa sababu nimeambiwa nifanye jambo.

Kesho natoa funguo za nyumba. Basi ni leo tu. Mdogo wangu alikuja na taulo, kubwa, kalinunua makusudi, sio yale ya wageni yanayofunika goti moja. Shemeji akamfuata nyuma, na kofia, na simu tayari ameinyanyua kuelekea kwangu. "Subiri nichukue video," akasema. "Watu lazima waone hii."

Mdogo wangu akaichukua ile simu mkononi mwake, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Shemeji akabaki na mkono hewani kama anaomba kusema darasani. Sijawahi kumwona mdogo wangu akimnyang'anya mtu yule hata kijiko. Shemeji akangoja arudishiwe, hakurudishiwa. Akaenda kukaa kwenye gari. Yupo huko mpaka sasa, nadhani, anavisimulia viti.

Mjane aliweka kiti chake gatini akakigeuza mgongo. Kisha akakigeuza tena, anitazame.

Nikaruka. Suruali ileile, shati lilelile, baridi ileile. Nikazama, nikaibuka, nikaogelea mpaka nyuma ya boti. Niliinua mguu na chuma kikawa pale, chini ya unyayo, bapa, kinanisubiri. Nikasimama ndani ya maji. Hicho tu, kusimama, nilikikosa mara ile. Mkono kwenye reli. Mguu wa pili. Nguo zikawa nzito, nikatulia, nikapumua, hakuna wa kuniharakisha. Kikanyagio kingine. Pale juu ambapo ngazi hukuacha, reli zilikuwa bado ziko nami. Nikakanyaga sitaha. Boti haikuinama.

Hawakupiga makofi, nashukuru. Ningewatukana.

Nikamwambia mjane: nimepanda. Sasa uza.

Alikuwa anaitazama ngazi. Akavua viatu, akaviweka sambamba chini ya kiti. Akavua hereni, akampa mdogo wangu azishike. Akapanda botini, akanipita pale nilipo nachuruzika.

"Mama, maji ni baridi," mdogo wangu akasema.

"Najua," mjane akasema.

Akaanza kushuka, na gauni lake, mkono kila reli. Kikanyagio, kikanyagio. Maji yakampanda kiunoni, kifuani. Nilitaka kumzuia na nikajiona nafanana na wale walionizuia mimi, nikanyamaza. Yalipofika shingoni akasema bila kugeuka: "Usinitazame. Fanya jambo lingine."

Basi nimechukua daftari kwenye mkoba wangu na nimempa mgongo.

Mdogo wangu naye kageuza uso, kakumbatia taulo, hereni ziko ndani ya ngumi. Maji yanagonga ubavu wa boti. Na mjane anaongea huko chini, polepole, kama mtu anavyoongea na mwenzake jikoni huku mikono ikiwa na kazi. Maneno siyasikii na sitaki kuyasikia.

Sijui kama ameniuzia. Sijaruhusiwa kugeuka nikauliza. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto nimeunyoosha nyuma, nje ya reli, kiganja wazi, endapo atautaka.

Bado hajaushika. Siurudishi.